Baba Aliyezikwa Ukurasa wa Kwanza

Kabla sijasema neno, mmoja wenu aende achote maji. Alete bidon, lile dumu la plastiki, imejaa, alete na msumari. Ninyi vijana wa siku hizi mnapenda fizikia kavu, ya kusomwa kwenye simu mtu akiwa amelala kitandani. Hapana. Fizikia ya maji haifundishwi na mtu mwenye viatu vikavu. Maneno hayo si yangu, ni ya mwalimu wangu Kitenge, Mungu amrehemu, mtu mfupi, mkali kama pilipili, aliyefundisha maisha yake yote suruali ikiwa imelowa magotini.

Siku ya kwanza alituingilia darasani na bidon iliyotobolewa matundu matatu, moja juu, moja katikati, moja chini, yote ameyaziba kwa kipande cha mpira. Akauliza: "Maji ya tundu gani yatatoka kwa nguvu?" Karibu darasa zima tulisema ya juu, kwa sababu kwa akili yetu kitu kilicho juu ndicho chenye nguvu, kama chifu. Hakutukatalia. Alituketisha sisi wote wa "juu" mbele ya tundu la chini, akavuta mpira. Nilirudi nyumbani nimelowa mpaka madaftari. Mama aliniuliza kama mvua imenyesha shuleni peke yake. Tangu siku ile sijasahau kwamba maji husukuma zaidi kule chini, na kwamba kinachohesabika ni kina chake, siyo wingi wake.

Basi nami nikawa mwalimu wa fizikia hapahapa Kasongo, nikafundisha mpaka pensheni ikanikuta chaki iko mkononi. Wanafunzi waliniita Madame Juu-ya-Nini. Walidhani sijui. Nilijua, na nililipenda jina hilo, kwa maana juu ya nini, yaani kwa nini, ndilo swali langu la pekee. Mtoto akisema maji yanapanda katika tiyo, lile bomba, mimi namuuliza: juu ya nini? Akisema kwa sababu ya presio, ule msukumo wa maji, namuuliza tena: juu ya nini kuna presio? Wengine walilia. Wachache walianza kujiuliza wenyewe, na hao ndio walionifanya nisiache kazi hii nikauze mafuta ya mawese.

Sasa nisikilizeni juu ya travay. Travay ni ile kazi ya kuandika ya mwaka wa sita, ambayo kila mwanafunzi anaitetea mbele ya juri, jopo la walimu, wazazi wakiwa wamekaa kwenye viti vya nyuma. Ninyi leo mnaichota kwenye simu kwa kidole gumba. Msijione wajanja, ujanja huo ni wa zamani. Zamani mwanafunzi alikwenda kwa mpiga mashine wa mjini, yule mwenye kompyuta na jenereta, akamwambia: "Nataka travay ya fizikia." Mpiga mashine akamtolea ileile aliyomtolea kaka yake mwaka uliopita, akabadilisha jina, akachapa. Ilikuwa inaitwa "Kanuni ya Presio katika Maji Yaliyofungwa." Kanuni yenyewe ni nzuri na ni fupi: ukiyasukuma maji yaliyofungwa, mahali popote unaposukuma, msukumo huo unafika kila pembe, haupotei njiani. Lakini ile travay ilikuwa imeandikwa na kijana mmoja wa Kindu, miaka mingi nyuma. Ndani yake alisema alifanya majaribio "nyuma ya shule yetu, kandokando ya mto mkubwa." Basi watoto wote wa Kasongo nao wakawa wamefanya majaribio nyuma ya shule yetu, kandokando ya mto mkubwa. Nyuma ya shule yetu kuna choo na shamba la mihogo la prefe, mkuu wa shule.

Niliwapa sifuri. Walikuja tena na ileile. Na usidhani kosa hilo linaishia kwenye karatasi. Mmoja wao alikwenda Salamabila kutafuta dhahabu, akanunua motopompi, akaiweka juu kabisa ukingoni mwa shimo lake, tiyo akaishusha chini sana. Mashine ikanguruma, maji hayaji. Akanunua mashine kubwa zaidi. Maji hayaji. Akapanda pikipiki mpaka kwangu: "Madame, hii pompi wamenirogea." Nikamwambia: mwanangu, pompi haivuti maji. Pompi inaondoa hewa tu ndani ya tiyo, na hewa ya nje ndiyo inayosukuma maji yapande. Hewa hiyo nayo ina mwisho wa nguvu zake, mita kumi kwenda juu imechoka. Shimo lake lilikuwa la wazi, pana. Nikamwambia achimbe ngazi ubavuni, aiteremshe mashine karibu na maji, iyasukume badala ya kuyavuta. Ingekuwa shimo jembamba nisingemwambia hivyo, moshi wa mashine ungemuua. Akafanya, maji yakaja. Na huyu, jamani, travay yake ilikuwa juu ya presio ya maji! Aliisoma mbele yangu bila kukwama.

Lakini aliyenifundisha mimi ni Zaina.

Zaina alitoka Wamaza, kule Kabambare. Alikuwa anakaa hapa Kasongo kwa shangazi yake ili asome, binti mwembamba, mwenye aibu, mikono haitulii. Baba yake, Papa Ramazani, ni mkulima wa mpunga na mihogo. Katika ukoo wao wote hakuna mtoto aliyewahi kufika mwaka wa sita kabla ya Zaina, na baba yake alikuwa anamtangaza huyu mtoto msikitini na sokoni mpaka watu wakamuomba apumzike kidogo. Siku ya kutetea travay alifika kwa pikipiki kutoka Wamaza. Kanzu yake nyeupe alikuwa ameifunga ndani ya mfuko wa plastiki ili vumbi lisiiguse, akaenda kuivaa nyuma ya shule, katika ile mihogo ya prefe. Alipoingia ukumbini alikuwa anang'aa. Akakaa kiti cha mbele cha wazazi, miguu ameibana pamoja.

Zaina akasimama. Mimi nilikuwa kwenye juri, na nilipoona jalada tu nikaijua. Travay ile nilikuwa naijua kama mtu anavyomjua mbuzi wa jirani. Nikachonga kalamu yangu vizuri.

Travay huandikwa Kifaransa. Lakini kwetu, kwa heshima ya wazazi, ukurasa wa kwanza, ule ambao mtoto anamtolea mtu kazi yake, husomwa Kifaransa halafu hutafsiriwa kwa sauti. Mtafsiri wetu alikuwa Prof Amisi, mwalimu wa Kifaransa, mtu mwema, mwenye sauti ya kumwitia mtu ng'ambo ya mto. Zaina akasoma ukurasa ule mbiombio, bila kusikia anachosoma, kama mtu anavyosoma jina la dawa. Na Amisi, macho yako kwenye karatasi, akatangaza:

"Kazi hii ninaitoa kwa baba yangu mpenzi, marehemu, ambaye kifo kimetunyang'anya mapema mno, na ambaye udongo uwe mwepesi juu yake!"

Amisi mwenyewe alisikia alichosema baada ya kwisha kukisema. Nilimuona midomo yake inabaki wazi. Huko nyuma mama mmoja mzee, asiyeona vizuri, akaanza: "Inna lillahi..." Jirani yake akamshika mkono.

Papa Ramazani akasimama.

"Marehemu ni nani?"

Zaina akaikumbatia travay yake kifuani.

"Zaina, nakuuliza. Uko na baba mwingine? Maana mimi niko hapa, niko muzima. Nimekaa juu ya pikipiki tangu alfajiri, matako yananiuma mpaka sasa. Ni maiti gani anaumwa matako?"

Ukumbi ukacheka. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilicheka. Halafu tukaona kwamba yeye hacheki, na kicheko kikafa. Alivua kofia, akaitazama, akaivaa tena, akatoka. Hakwenda kubadilisha kanzu. Watu waliomuona njiani walisema ilikuwa imekuwa nyekundu yote kwa vumbi, naye hajali.

Mnajua maneno yale yalitoka wapi? Yule kijana wa Kindu, mwenye travay ya kwanza, baba yake alikuwa amekufa kweli, mwaka uleule. Aliyaandika kwa machozi yake. Wengine wote waliomfuata walikuwa wanabeba machozi ya mtu bila kujua wanabeba nini, na mpiga mashine kila mwaka alikuwa anabadilisha jina kwenye jalada tu. Kabla ya Zaina ukurasa ule ulikuwa umewapitia wazazi wengi, lakini ama baba hakuja, ama Amisi alikuwa mgonjwa, ama kweli baba alikuwa marehemu. Kwa Zaina vyote vilikutana.

Sasa ninyi ni watoto wa huku, sina haja ya kuwaeleza sana. Mtu muzima haitwi maiti. Neno lina miguu, likitoka linatembea. Haikupita wiki mbili Papa Ramazani akashikwa na homa kali. Huko Wamaza watu wakasema: ndiyo hilo neno, limefika. Ukatumwa ujumbe kwa shangazi: Zaina asikanyage nyumbani kwa baba yake. Na shule imekwisha, "akasomeshwe na huyo baba yake marehemu."

Zaina alikuja kwangu saa ya mapumziko, akasimama mlangoni.

"Madame, nimemuua papa."

"Juu ya nini unasema hivyo?"

"Iko na homa. Wanasema ni mdomo wangu."

"Malaria haijui Kifaransa," nikamwambia. "Kaa chini."

Akakaa, akalia sana. Nami, mwenye sifa ya kuliza watoto, nilijikuta natafuta kitambaa cha kumfuta. Nilimpenda siku ile, nasema wazi. Maana hakuulizia alama, hakuulizia mtihani wa serikali. Aliuliza kitu kimoja tu, na alikirudia: "Madame, papa atanisamehe?"

Nikaenda kwa prefe. Prefe wetu alikuwa mtu mnene, mwenye kulalamika kwanza na kukubali baadaye, lazima umwache amalize. Alilalamika akamaliza. Akasema: sawa, Zaina atatetea mara ya pili, lakini kazi mpya kabisa, yake mwenyewe, na kabla ya mtihani wa serikali. Bila hiyo, haandiki mtihani. Sasa ikabaki Wamaza.

Tulikwenda watatu kwa pikipiki moja, mimi, Zaina na dereva, tumebanana. Njiani tairi la nyuma likaisha upepo. Dereva akashuka, akatoa mpira wa ndani, akautia upepo, akauzamisha katika dimbwi kutafuta tundu. Aliubonyeza huku, mpira ukavimba kule. Akabonyeza kule, ukavimba huku. Zaina alikuwa amechuchumaa anatazama, hajasema neno tangu Kasongo. Ghafla akasema:

"Madame, anabonyeza hapa, juu ya nini panavimba pale?"

Jamani. Miaka yote mimi ndiye nilikuwa nauliza swali hilo. Nilitaka kumkumbatia palepale kwenye matope. Lakini mwalimu hana haraka, nikamwambia: "Kanuni ile umeisoma mbele ya juri. Niambie wewe." Akanyoosha mkono, akaubonyeza mpira mwenyewe. Kuanzia hapo mikono yake ilitulia.

Wamaza tulimkuta Papa Ramazani amekaa kwenye mkeka, homa imemwachia, amekonda. Hakumtazama Zaina. Karibu naye alikuwa kaka yake mkubwa, Papa Mukubwa Saidi, mkuu wa ukoo, mzee wa maneno machache na tumbaku nyingi puani. Nilisalimu, nikaomba radhi kwa niaba ya shule, nikaeleza habari ya mpiga mashine na kijana wa Kindu. Papa Mukubwa Saidi alisikiliza mpaka mwisho, akapiga chafya.

"Madame, tumekusikia. Mutoto hakukusudia, tumeelewa. Lakini neno halirudi kwa kueleweka. Kwetu, neno baya linafutwa pale liliposemwa, mbele ya masikio yaleyale. Halafu baba anatia maji mdomoni, anamutemea mutoto kichwani. Hapo imekwisha. Bila hayo maji, yeye si wa nyumba hii, hata akisoma mpaka Ulaya."

Zaina alipiga magoti. "Papa..."

"Kinywa changu ni kikavu," Papa Ramazani akasema, akiwa anautazama mkeka. "Kwa huyu mutoto, sina maji kinywani."

Nikamuuliza: "Lakini utakuja kusikia, akiandika kazi yake mwenyewe?"

"Nitakuja kusikia. Nitakaa karibu na mlango."

Basi tukaanza kazi. Na hapa fungueni masikio, kwa sababu ndiyo kazi yenyewe ya kuandika travay. Aliniletea kurasa za kwanza, mstari wa kwanza: "Kama wanavyosema wataalamu..." Nikafuta. "Wewe umeona nini?" Akaandika tena: "Inajulikana kwamba..." Nikafuta. "Inajulikana na nani? Shangazi yako anajua?" Akakasirika, akaondoka bila kuniaga, nikafurahi. Mtoto akikukasirikia anaanza kuandika ya kwake. Aliporudi alikuwa na sentensi moja tu: "Niliona mpira wa pikipiki ukibonyezwa upande mmoja na kuvimba upande mwingine, nikataka kujua kama maji yanaweza kumnyanyua mtu." Nikamwambia: hiyo ndiyo travay. Mengine ni maelezo.

Alichukua mpira wa ndani wa tairi la pikipiki, akaondoa kile kisindano cha mdomoni. Akaazima kwa fundi wa kujenga tiyo nyembamba inayoonyesha ndani, ile ambayo mafundi huitilia maji ili kujua kama ukuta wa huku na wa kule ziko sawa. Akaifunga tiyo kwenye mdomo wa mpira. Jaribio la kwanza alilifanya uani kwa shangazi yake, karibu na unga wa muhogo ulioanikwa. Alipopanda juu ya ubao, tiyo ilichomoka, maji yakaenda yote kwenye unga. Shangazi alitoka jikoni na mwiko: "Hiyo fizikia yako ije iule huu unga, maana mimi sasa siupiki!" Tulicheka, tukala ugali wa mahindi kwa jirani.

Mjifunze hapo. Kufunga tiyo, kata utepe wa mpira wenyewe, uvute sana, uzungushe mara nyingi, mwisho uuingize chini ya mzunguko wake. Paka sabuni kidogo mdomoni kabla ya kuingiza, itapita, ikikauka inashika. Na ondoa hewa yote. Weka mpira chini, inua tiyo juu, piga piga taratibu mpaka mapovu yaishe. Hewa ni mwongo. Ukiisukuma inajikunja, inakuambia ndiyo huku haifanyi kazi. Maji hayajikunji, ukiyasukuma yanapeleka ujumbe wote.

Siku ya pili ya kutetea ikafika. Watu walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza, habari ilikuwa imezunguka mji. Hata yule mama mzee asiyeona vizuri alikuja, masikio yale yale. Papa Ramazani aliingia na kaka yake, akakaa karibu na mlango kama alivyosema. Hakuvaa kanzu. Alivaa shati la shambani. Zaina aliliona shati lile, akainama kukaza tena fundo la tiyo.

Mpira ulikuwa sakafuni umejaa maji, juu yake ubao mpana, mlango wa kabati letu la walimu. Tiyo imefungwa kwenye mwanzi uliosimama, imeishia na faneli. Zaina hakusoma ukurasa wa kutoa kazi. Alianza moja kwa moja. Prefe akakohoa kumkumbusha, nikamkanyaga mguu chini ya meza.

Alisema vizuri. Hakuwa na haraka. Alisema alichoona njiani, alisema na unga wa shangazi, watu wakacheka. Halafu akasema: "Sasa nahitaji mtu apande juu ya ubao. Nitamnyanyua kwa vikombe vya maji." Tulikuwa tumepatana na prefe, kwa sababu ya unene wake, ili watu wastaajabu. Prefe akaanza kuvua viatu, analalamika.

"Acha," sauti ikasema kutoka mlangoni. Papa Ramazani alikuwa amesimama. "Aliyezikwa hapa ni mimi. Nitapanda mimi."

Alikuja mpaka mbele, akavua ndala, akapanda. Mpira ukalala chini ya uzito wake, maji yakapanda ndani ya tiyo, yakapanda, yakasimama usawa wa kifua changu. Uzi mwembamba wa maji, unaoweza kuunywa mara moja, na upande wa pili mwanaume mzima. Zaina akaanza kumimina kwenye faneli, kikombe, kikombe kingine. Pembeni ya ubao alikuwa amesimamisha kijiti chenye alama ya mkaa. Polepole ubao ukafika kwenye alama, ukaipita.

"Ninapanda," Papa Ramazani akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea. "Saidi, tazama. Ninapanda."

Hapo Zaina akaweka kikombe chini. Karatasi hakuishika. Alisema kwa Kiswahili, yeye mwenyewe, na Amisi, maskini, alikuwa amefumba macho kwa hofu:

"Katika ukumbi huu nilisema baba yangu amekufa. Nilisema maneno ya mtu mwingine. Leo nasema ya kwangu. Kazi hii naitoa kwa baba yangu, Ramazani wa Wamaza, aliye muzima, anayenisomesha."

"Rudia," akasema baba yake. "Huko nyuma hawajasikia."

Akarudia. Mama mzee akasema kwa nguvu: "Tumesikia, mwanangu! Alhamdulillahi, tumesikia!"

Papa Ramazani bado yuko juu ya ubao. Anaitazama tiyo. Nilimwona anafikiri, na nawaambieni, katika maisha yangu ya kufundisha hakuna kitu ninachokipenda kama uso wa mtu anayefikiri.

"Zaina. Hii tiyo ukiishusha chini kidogo, na mimi niko hapa juu, maji yatafanya nini?"

"Yatatoka, papa."

"Juu ya nini yatoke?"

"Uzito wako unayasukuma. Ukisukuma hapo, unafika huku."

"Unafika wote? Haupotei njiani?"

"Haupotei, papa."

"Basi fungua hiyo tiyo. Piga magoti. Ielekeze kichwani kwako."

Zaina akafungua tiyo kwenye mwanzi, akatoa faneli, akaziba mdomo kwa kidole. Akapiga magoti kwenye sakafu ya ukumbi, akainama, akainua tiyo juu ya kichwa, akaondoa kidole. Baba yake akakaza miguu, akakanyaga. Maji yakatoka. Yalimwangukia nyweleni, shingoni, kwenye sare ya shule, na kadiri yalivyotoka ndivyo Papa Ramazani alivyoshuka, polepole, mpaka ubao ukatulia. Alikuwa analia, na hakuficha. Hakuna aliyeficha. Prefe alijifuta kwa soksi aliyokuwa ameivua.

Papa Mukubwa Saidi alikuwa amesimama nyuma, ametoa kichupa cha tumbaku lakini hajavuta.

"Ramazani," akasema, "desturi inasema maji ya mdomoni. Hayo hayakutoka mdomoni."

"Kaka, mdomo una uzito gani?" akajibu. "Haya yametoka kwa uzito wangu wote."

Mzee akavuta tumbaku yake, akapiga chafya. "Imekwisha," akasema.

Mnataka kujua alipata alama ngapi. Ninyi na alama! Alipata nzuri, na mtihani wa serikali aliuandika, akapita. Mpiga mashine alikuja kuniomba nakala ya travay ya Zaina, anasema wanafunzi wataipenda sana. Nilimfukuza na mwavuli. Leo Zaina anafundisha fizikia kulekule Kabambare, na wanafunzi wake, nasikia, wanarudi nyumbani wamelowa. Hunipigia simu Jumapili. Tunaongea, ananiuliza habari za magoti yangu, mimi namuuliza juu ya nini bado hajanitembelea. Na kila mara, nyuma ya sauti yake, namsikia mzee mmoja anauliza kwa nguvu ili nisikie: "Huyo ni Madame? Mwambie marehemu anamusalimia!"